Hakimu kamwachia, sasa ashikwe mkono na nani?

Toleo lililopita tuligusa kidogo tu habari za vijana wa unga, yaani heroini, ambao mahkama inawaachia kwa masharti, yaani wakatibiwe huku wanaripoti kwa afisa, na wallahi sikutarajia barua zitakuja namna hii, nyengine mpaka usiku wa manane. Nimechukua tano. Majina tumeyatoa yote. Kwa wasionijua, miye kazi yangu ustawi wa jamii, na watu waliotoka mahkamani wakiwa chini ya uangalizi nimekaa nao miaka mingi hapa Mjini Unguja, kwahiyo mengine ntayosema ni maoni yangu na anayetaka kubisha abishe.

Assalaam alaykum. Mimi msichana wa Wete, namaliza digrii ya ustawi wa jamii mwaka huu. Nataka kufanya kazi na wale wanaoachiwa kwa uangalizi, khasa wa dawa za kulevya, maana kaka yangu mwenyewe yumo humo. Baba hataki, anasema kazi ya kukimbizana na wezi haimfai mtoto wa kike. Kazi yenyewe ikoje, kila siku mnafanya nini? Na ni kweli ni mambo ya Wazungu tumeletewa tu?

Waalaykum salaam mwanangu. Baba mpe salamu, mwambie wezi tunakimbizana nao kidogo sana, muda mwingi tunakimbizana na makaratasi.

Hilo la Wazungu ni kweli ila lilianza kwa mtu mmoja tu na wala hakuwa mkubwa wa serikali. Mwaka 1841 huko Boston, Marekani, fundi viatu mmoja anaitwa John Augustus alikuwa yupo mahkamani, akaletwa mlevi anataka kufungwa, yeye akaongea naye kidogo kisha akamwekea dhamana, akaondoka naye. Wiki tatu baadae akamrudisha kwa hakimu, mtu kanyooka hata hajulikani kuwa ndo yule, hakimu akamtoza senti moja na gharama za kesi basi. Fundi viatu akaendelea na mchezo huo mpaka anakufa mwaka 1859 watu karibu elfu mbili wameshapita mkononi mwake. Waingereza nao wakaanza 1876, watu wa kanisa waliokuwa wanapinga pombe wakawa wanakaa mahkamani kuwachukua walevi, na sheria yao ikaja 1907 ikasema kazi ya afisa ni kumshauri mtu, kumsaidia na kuwa rafiki yake. Kwahiyo mteja wa kwanza kabisa wa kazi hii alikuwa mlevi, wanaosema eti wa unga tumewaongeza juzi tu hawajui.

Bara wana Sheria ya Uangalizi, Sura ya 247, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, na maafisa wao wako Wizara ya Mambo ya Ndani. Huku kwetu makosa ya jinai yana sheria zake, Sheria ya Adhabu ya 2018, kesi za watoto zinakwenda na Sheria ya Mtoto namba 6 ya 2011, na upande wa dawa tuna Mamlaka yetu wenyewe iliyoundwa kwa sheria ya 2021. Nakwambia haya kwa sababu nshawaona vijana wanatoka chuoni na fomu walizonakili kwa wenzao wa Bara wanazipeleka kwa hakimu wa Unguja, hakimu anawatizama tu.

Sasa kazi. Kuna ya kabla ya hukumu na ya baada. Kabla ya hukumu hakimu anataka kujua huyu mtu ni nani, basi unakwenda kwao unakaa na mama yake, unakwenda kwa sheha, unamtafuta fundi aliyekuwa anamfanyia kazi gereji, ukirudi unaandika. Ameanza lini, anavuta kokteli, ule unga uliochanganywa na bangi, au anajidunga, kete (vipakti) ngapi kwa siku, mara ya mwisho lini, ana kikohozi cha muda mrefu au hana. Na kubwa kuliko yote, aliiba kwa ajili ya unga au alikuwa anaiba kabla hata hajaujua unga? Hawa watu wawili tafauti kabisa. Wa kwanza ukimtibu, wizi unakufa wenyewe. Wa pili utamtoa kwenye unga ubaki na mwizi mwenye afya nzuri. Hiyo ripoti ukiiandika ovyo hakimu atampa masharti ya mtu mwengine, halafu miezi mitatu mbele mnashangaa mbona hatii.

Baada ya hukumu ndo mnakaa pamoja. Anakuja kwako kila wiki mwanzoni, unamsikiliza, unapiga simu kliniki kuuliza kama anafika, unamtembelea nyumbani. Na ukienda nyumbani usikae barazani tu ukanywa chai ukaondoka. Mimi napenda kupita jikoni. Nyumba nyingi zenye mtumiaji utakuta mtungi wa gesi umefungwa mnyororo na kufuli kwenye nondo za dirisha, ukutani kuna misumari miwili na alama nyeupe ilipokuwa tivii, mama funguo zote kazifunga kwenye ncha ya kanga na analala nazo. Hakuna atakayekwambia hayo kwa mdomo maana aibu. Lakini siku ukienda ukakuta mtungi uko huru, kufuli limewekwa juu ya kabati, ujue kuna kitu kimetulia humo ndani, na hilo mimi naliamini kuliko kikopo cha kupima mkojo. Niliandika hivyo hivyo kwenye ripoti mara moja na hakimu akaelewa.

Halafu kuna kitu wanafunzi wa ustawi wanakichanganya sana, wanadhani kazi yao ni kumtibu. Anayetibu ni daktari na nesi na wale wenzake waliopona, wewe kazi yako ni kuhakikisha hajaacha kwenda kabla matibabu hayajamshika. Na kuishika roho ya mtu wa unga si wiki mbili. Watafiti wa Marekani wa NIDA, taasisi yao ya utafiti wa dawa za kulevya, wanasema kwa methadoni, dawa anayokunywa mtu badala ya unga, mwaka mzima ndo kiwango cha chini. Mwaka! Katika huo mwaka atagombana na mama yake, ataachwa na mchumba, atafiwa, kutakuwa na Sikukuu mbili mifuko ina pesa, na wewe ndo unatakiwa uwe pale kila mara na uwe yuleyule.

La mtoto wa kike, baba yako nampinga kwa adabu. Wanawake wanaotumia wapo, lakini wao wamejificha zaidi kuliko wanaume, hawaendi maskani, vijiweni kwa watumiaji, mchana wala hawaji kliniki wakaonekana na mashoga zao kwenye foleni, na akija ofisini akamkuta mwanamme mezani anajibu "sijambo, sina tatizo" anaondoka. Wanatafuta sana maafisa wa kike. Ila la kaka yako, huyo usimshike wewe kabisa hata ukiombwa, mwambie mkubwa wako siku ya kwanza kwamba fulani ni ndugu yangu apewe afisa mwengine. Utamhurumia au utamkomoa, na hata ukifanya haki hakuna atakayeamini.

Dada, mimi mama wa Fuoni. Mwanangu miaka 24 alikamatwa na simu ya watu, mahkama ikamwachia kwa masharti anywe methadoni kila siku na aripoti kwa afisa wake. Miezi mitatu alikuwa mtu, anaswali, anasaidia. Juzi nimekuta foili ya kuvutia unga choo cha nje, imeungua. Alkhamisi anapimwa mkojo. Jirani ananambia nimpe maji ya ndimu na siki, mwengine anasema nimpatie mkojo wa mdogo wake. Nikimwambia afisa wake si atamrudisha jela, Chuo cha Mafunzo? Sili silali.

Pole sana dada yangu. Kwanza kula.

Ndimu na siki zitamharibu tumbo tu. Heroini kwenye mkojo inaonekana kwa siku mbili mpaka tatu hivi kisha inapotea, kwahiyo inategemea hiyo foili ni ya lini, lakini hakuna ndimu inayoisafisha. Akinywa maji madumu mawili mkojo unakuja kama maji ya bomba na wapimaji wanaujua, wanamwambia kaa hapo mpaka upate mwengine. Mkojo wa mdogo wake ndo usithubutu. Methadoni ina kipimo chake peke yake, tafauti na cha unga, sasa mkojo wa mtoto mdogo hauna methadoni, mpimaji anaona mtu anayekunywa dawa kila siku mkojo wake hauna hata dalili ya dawa, papo hapo ishakuwa udanganyifu. Na akiwa amekunywa dawa ya kifua yenye kodeini aseme kabla, maana hiyo inaweza kusoma kama unga na watu wamewahi kushutumiwa bure.

Sasa swali lako khasa. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza hiyo nakwambia ukweli, kurudia mara moja na kusema, na kurudia mara moja na kudanganya, ni mambo mawili mbali kabisa machoni kwa afisa mwenye akili. Hao hao NIDA wanakadiria asilimia 40 mpaka 60 ya wanaotibiwa hurudi kutumia kwa namna fulani, na hawa wenye presha na pumu kuacha dawa zao na kurudi hali mbaya wanaonekana kiwango hicho hicho au zaidi, ila hakuna anayempeleka mgonjwa wa presha mahkamani. Afisa anayejua kazi anategemea kuteleza kutokee. Asichoweza kukivumilia ni kutomjua mtu wake. Hata Uingereza, ambako sheria yao inamruhusu hakimu kumpa mtu sharti la kutibiwa dawa za kulevya badala ya jela, lazima mwenyewe akubali kwanza, na anapimwa, na kesi inarudi kutazamwa maendeleo, na mkojo mmoja mchafu hauvunji kila kitu, wanatizama anakwendaje kwa jumla.

Siwezi kukuahidi afisa wa mwanao atafanya nini, masharti aliyopewa siyajui na yeye ana wajibu wa kusema kweli mbele ya hakimu. Lakini mwana aende mwenyewe kabla ya Alkhamisi, asiende akiwa ameshapimwa, aseme nimeteleza siku fulani, nilikuwa pahala fulani, nataka kuendelea. Wewe usimwendee kisirisiri afisa ukamwacha mwana hajui, ukifanya hivyo umempoteza. Kaa naye, mwambie nimeona, na mimi kwenye uongo simo, kesho twende pamoja. Foili usimtupie usoni.

Na mtizame kwa nini. Kuna siku alikosa dozi? Kama amekosa siku tatu mfululizo au zaidi asiende akadai apewe ile ile ya zamani, nesi lazima ajue, mwili unakuwa umeshaanza kuisahau dawa. Dozi yenyewe inamtosha au arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inamuanza alfajiri, majasho, miayo, pua inachuruzika, mifupa inamuuma? Kama hivyo ni daktari wa kliniki aambiwe, inaongezwa pole pole. Kuna kitu chengine watu hawakijui kabisa: akianza dawa za kifua kikuu, ile rifampisini inaishusha nguvu methadoni, mtu aliyekuwa ametulia miezi anaanza arosto ghafla anadhani dawa imechakachuliwa, anakimbilia maskani. Daktari wa TB na wa methadoni waambiane, na wasipoambiana mwambie mwanao awaambie yeye.

La mwisho, na hili wote mnisikilize, si mama huyu tu. Mtu aliyekaa bila unga, iwe kliniki, iwe soba hausi (nyumba za kukaa ndani mpaka uache), iwe ametoka Chuo cha Mafunzo, mwili wake umeshasahau. Akirudi akatumia kile kipimo chake cha zamani kinamuua, na wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka ndani ndo mbaya kupita zote. Akichanganya na valiamu au pombe ndo kabisa. Ukimkuta hazinduki, anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu, angalia anapumua, gari iende hospitali hapo hapo na useme wazi katumia unga, maana dawa ya kuuondoa ipo, naloksoni, lakini daktari asipoambiwa atapoteza muda. Maziwa msimmiminie mdomoni, anapaliwa anakufa na maziwa.

Mimi ni mzee tu wa shehia moja Kaskazini. Hawa vijana wanaoachiwa wanapelekwa wakanywe methadoni, mimi naona ni unga wa serikali huo. Umemtoa huku umemtia huku. Kwa nini wasifungiwe ndani wakatokwa nayo wakatubu?

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako nasikia kila wiki, na hata baadhi ya maafisa wenzangu wanaiamini kimoyomoyo, kwahiyo hukukosea kuuliza.

Mtu akishatumia unga, masaa sita mpaka kumi na mbili arosto ishaanza, kwahiyo kijana anatakiwa apate pesa mara tatu nne kwa siku, kila siku, na hana kazi, hebu tizama mwenyewe atazipata wapi. Methadoni inakaa siku nzima na zaidi. Anakunywa mara moja, mbele ya nesi, kikombe anakirudisha, na ikishakaa sawa halewi wala hatetemeki. Mtu huyo ndo anaweza kwenda shamba, kwenda baharini, kukaa na watoto. Ni kweli ni dawa ya jamii moja na unga, hakuna anayeficha, na ni kweli akiacha ghafla itamuumiza. Lakini mimi nikiwa na mtu wa kumripoti kwa hakimu, kijana anayeamka kwenda kliniki na kijana anayeamka kutafuta kete, nasema mzee, hata wewe ungenielewa.

Nchi hii methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, sisi Zanzibar tukafungua kliniki yetu Kidongo Chekundu mwaka 2015. Soba hausi tulikuwa nazo kabla ya hapo, tokea 2009, na hizo ndo njia unayoitaka wewe ya kukaa ndani na kuacha kabisa, wanaamka pamoja, mikutano, hatua kumi na mbili, na wanaozisimamia wengi ni watu waliokuwa mateja wenyewe. Zimewatoa watu wengi na mimi naziheshimu. Ila kumfungia mtu chumbani wiki moja mpaka atokwe na arosto halafu ukamwachia siku ya nane, hiyo haiitwi tiba, hiyo ndo njia ya mkato ya kifo nilichomwambia mama wa Fuoni, mwili umesahau na moyo bado unaitaka. Wa njia gani anafaa aamue yeye na daktari, afisa asimchagulie, na shehia isimchagulie.

Kuhusu toba, hakuna kliniki inayomkataza mtu kutubu. Na Ramadhani ikikaribia mwambie kijana wako aende mapema kuongea na nesi kuhusu saa za dozi kabla mwezi haujaandama, siyo aamue mwenyewe kuacha kunywa mchana akidhani atajikaza, wengi wanaanguka siku ya kwanza mpaka ya tatu ya kufunga kwa sababu hiyo.

Nimeajiriwa mwaka huu, kazi ya kufuatilia walioachiwa kwa masharti. Kuna mteja wangu ananipigia usiku anataka nauli ya kliniki, nimempa mara kadhaa, sasa na wengine wanadai. Pia ameniambia anaponunua unga na kwa nani. Nikawaambie polisi?

Kaka, pesa mkononi acha leo. Si kwa sababu wewe ni mbaya, ni kwa sababu pesa mkononi kwa mtu wa unga inamtesa hata yeye, anakaa nayo daladala zima anabishana na nafsi yake. Lakini tatizo lake ni la kweli usilipuuze, methadoni ni ya kila siku na mtu anayekaa Nungwi au Makunduchi akija Mjini kila siku kwa nauli yake, hata mimi nisiyetumia ningeshindwa. Hapo ndo kazi: kaa na familia nauli ishikwe na dada yake, ongea na dereva wa gari za kwao alipwe kwa wiki, uliza kama kuna ndugu Mjini wa kumpa pahala pa kulala miezi ya mwanzo. Sharti la mahkama ambalo mtu hana nauli ya kulitimiza ni mtego tu, na hilo liandike kwenye ripoti lisomwe, usilimalize kwa mfuko wako.

Simu ya usiku mwambie saa unazopokea na uzishike. Akikwambia yuko na mtu hapumui hiyo pokea saa yoyote.

La polisi, gumu kidogo. Ulimwambia nini siku ya kwanza kuhusu siri? Kama hukumwambia kitu, kaeni upya umwambie: haya yanabaki kwangu, haya lazima nimwambie hakimu, na haya, kama mtoto yuko hatarini au mtu atauliwa, nasema hapo hapo bila kukuuliza. Muuzaji wa kete mtaani polisi hawahitaji wewe kumjua, mtaa mzima unamjua. Ukienda ukamtaja, kesho yake maskani wanajua kilichotoka kwa nani maana mteja wako ndo pekee anayeingia ofisini kwako, atapigwa, na wewe wateja wako wote watakuwa wanakwambia hali ya hewa. Tumia ulichoambiwa kwa ajili yake yeye: anapita wapi akitoka kliniki, na je kuna njia nyengine ya kurudi nyumbani isiyopita hapo? Mara nyingi ipo, ni kushuka kituo kimoja mbele tu.

Mimi nilikuwa teja miaka mingi, nimepita jela ya Kiinua Miguu mara mbili, sasa hivi niko klini, situmii, mwaka wa nne kwa kupitia soba hausi. Sina cheti cha maana, niliishia kidato cha pili. Nataka kufanya kazi na hawa wanaotoka mahkamani. Nitapokelewa au najisumbua?

Hongera sana ndugu yangu, mashaallah.

Uafisa wenyewe unataka elimu, sikufichi, diploma au digrii, SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar, wana ustawi wa jamii na Bara kuna Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, na wewe uko mbali na hapo kwa sasa. Lakini mwelimishaji rika hiyo unaifaa leo. Mimi nikikaa na kijana nikamwambia arosto itapita ananitizama tu, wewe ukimwambia anakuuliza ilichukua siku ngapi. Kliniki, soba hausi na jumuiya zinazofanya kazi na watumiaji wanawahitaji watu kama wewe kuwatafuta waliopotea, maana mtu akikosa dozi siku mbili nesi hajui pa kumtafuta, wewe unajua hata jiwe analokalia.

Ila na mimi nina masharti yangu kwako. Maskani usiende peke yako, nenda na mwenzako hata kama umekaa klini miaka kumi, na mikutano yako usiiache eti kwa sababu sasa wewe ndo unasaidia, nshaona wazuri wameondoka kwa mlango huo huo. Usimwahidi kijana kwamba utaongea na hakimu. Usikubali kutumiwa bure miaka nenda rudi kwa posho ya soda, kuna watu wanapenda sana waliopona wakiwa kwenye picha za semina na hawawapendi kwenye orodha ya mshahara. Na rudi skuli, mtihani wa kidato cha nne unafanywa hata na watu wazima, usiku unasoma, uanze na masomo machache.

Kwa kuanza chukua barua ya sheha na nyengine ya soba hausi yako inayosema umekaa muda gani, kajitambulishe ofisi ya ustawi ya wilaya yako na pale Kidongo Chekundu. Na kama kuna mtu maskani anakudai deni la zamani, lilipe au mwambie mkubwa wako kabla hujaanza, maana siku ya kwanza utakayopita na kitambulisho kifuani ndo siku atakayolikumbuka.